Hoteli ya Kwanza ya Samaki Mombasa Ilikuwa Karai

Wacha niseme mapema kitu kitakachowaudhi baadhi yenu: kula samaki hotelini si utamaduni wa jadi wa Mombasa. Kula samaki, ndio, hilo halina ubishi. Lakini kutoka nyumbani kwako, kukaa kwenye meza ya mtu usiyemjua, kuletewa menyu, kula, kulipa bili na kuondoka? Hiyo ni tabia changa sana kwetu. Mji huu umekula samaki karne nyingi bila hata mkahawa mmoja wa samaki.

Naandika haya manake kila wikendi nikipita Ndia Kuu napishana na vijana wa rika langu wanapiga picha sahani ya kamba wa kuchoma, halafu wanaandika eti hii ndiyo "ladha halisi ya Mswahili". Sina ugomvi na kamba. Mimi pia nakula nikiwa na pesa. Ninachouliza ni hiki: huyo Mswahili halisi alikuwa anakula wapi, na nani alikuwa anampikia? Ukifuata hilo swali unajikuta kwenye historia ambayo mwongozaji wa watalii pale Fort Jesus hakuambii.

Tuanze mbali kidogo

Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alishuka Mombasa. Alilala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa, lakini usiku mmoja ulimtosha kuandika tunakula nini. Alisema watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, wanaletewa kwa vyombo kutoka sehemu nyingine za pwani, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Akataja ndimu. Akataja tunda tamu linalofanana na zeituni, lenye kokwa, ambalo wengi wanaamini ni zambarau, hizi hizi tunazouziwa kwenye vikaratasi na kutoka na ulimi wa buluu.

Ndizi na samaki. Karibu miaka 700 iliyopita. Hakuna pilau kwenye hiyo orodha, hakuna biriani, hakuna bateta.

Na hata huyo samaki hakuwa na ladha unayoijua leo. Mchuzi wetu una nyanya na pilipili kali. Vyote viwili asili yake ni bara la Amerika, na havikujulikana huku mpaka baada ya mabaharia wa Ulaya kuvuka Atlantiki mwaka 1492, halafu Wareno wakaanza kuzungusha mbegu duniani. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498. Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Hawakuelewana, akaenda zake Malindi. Kwa hivyo ukimsikia mtu anasema mapishi ya nyanyake hayajabadilika tangu enzi na enzi, mpe pole. Mapishi ya pwani yamekuwa yakibadilika kila jahazi likitia nanga.

Kilichokuwepo kitambo ni nazi, ndimu, ukwaju, tangawizi na moto wa makaa. Ukichukua samaki wa kupaka, ukamtoa pilipili, ukabaki na tui zito, ukwaju na moshi, hapo ndipo unaanza kusogelea ladha ya zamani. Jaribu siku moja nyumbani. Nilijaribu, na mamangu akaniuliza kama nimefilisika.

Mgeni hakuwa na haja ya hoteli

Sasa, kwa nini mji wa biashara kama huu, uliojaa mabaharia wa Arabuni, Uajemi na Uhindi, haukuwa na sehemu za kula? Jibu lipo kwa huyo huyo Ibn Battuta, ila kwenye maelezo yake ya Mogadishu.

Anasema jahazi likifika pale, vijana wa mji walikuwa wanatoka na mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Anamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mgeni analala kwa mwenyeji wake, anakula kwa mwenyeji wake, na anauza na kununua kupitia mwenyeji wake. Sahani ya chakula ilikuwa mkataba.

Utaratibu wa namna hiyo, wa mfanyabiashara kuwa na mwenyeji anayemlaza na kumsimamia biashara, ulijulikana katika miji mingi ya pwani. Na majahazi hayakuja kwa wiki moja. Yalikuja na kaskazi, upepo unaovuma kuanzia kama Disemba, na mengi yakangoja kusi ianze kuwarudisha mwezi wa nne. Mgeni wa miezi mitatu huwezi kumpeleka hotelini kila siku. Anakuwa mtu wa nyumbani. Wakati mwingine anaoa kabisa, na ndiyo maana nusu ya familia za Mji wa Kale zina mjomba Maskati.

Kwa hivyo chakula kizuri kilikuwa ndani. Kilipikwa na wanawake, kikapakuliwa kwenye sinia, kikafunikwa kwa kawa, kikaliwa kwenye mkeka kwa mkono. Kumwacha mgeni wako akanunue chakula nje ilikuwa fedheha. Na huo mtazamo haujafa. Mwambie shangazi yako wa Kibokoni kwamba umekuja kumtembelea lakini umeshakula hotelini, uone atakavyokuangalia.

Hata maneno yenyewe yanatoa ushahidi. Meza ni neno la Kireno. Mkahawa unatokana na kahawa, neno la Kiarabu, yaani mahali pa kunywa kahawa, na kahawa ndiyo kitu ambacho wanaume wa Mombasa walizoea kununua nje: kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, muuzaji akivigonganisha njiani watu wamsikie. Hoteli ni Kiingereza, na sisi Wakenya tukaigeuza maana, ikawa sehemu ya kula chai na mandazi hata kama haina kitanda kimoja. Mkeka, chungu, kifumbu, kawa, maneno ya kupika na kula nyumbani, ni yetu. Maneno ya kula nje tumeyapokea kwa wageni.

Reli ilileta njaa ya aina mpya

Mambo yalibadilika Waingereza walipoingia. Mwaka 1895 walitangaza himaya yao, na mwaka 1896 ujenzi wa reli ukaanza hapa hapa Mombasa. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Uhindi kwa ajili ya hiyo reli. Wengi walirudi kwao, maelfu wakabaki. Halafu meli kubwa zikahamia Kilindini, na miaka ya 1920 magati ya maji marefu yakajengwa upande ule. Bandari ya Kale ikabakiwa na majahazi.

Hebu fikiria maana yake kwa chakula. Ghafla kisiwa kimejaa wanaume ambao hawana mwenyeji. Hajaletwa na biashara ya kujuana, ameletwa na mshahara. Ametoka Ukambani, Nyanza, bara ya Taita, Giriama. Analala chumba kimoja na wenzake wanne. Hana mke hapa, hana jiko, hana shangazi. Anataka chakula cha haraka na rahisi kabla ya zamu ya kubeba mizigo. Huyo mtu ndiye aliyezaa hoteli ya mtaani.

Kwa upande wa pili zilikuwepo hoteli za kizungu: vitambaa vyeupe mezani, samaki amekatwa vipande visivyo na mwiba. Hoteli kubwa za Kilindini Road, ambayo leo ni Moi Avenue, Mwafrika alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma kupika, kuosha na kupangusa. Ubaguzi wa rangi wa enzi hizo haukuhitaji maelezo mengi. Samaki kavuliwa na mtu wa hapa, kapikwa na mtu wa hapa, na mtu wa hapa haruhusiwi kukaa amle.

Januari 1947 kisiwa kilisimama. Wafanyakazi kama 15,000 waligoma kwa karibu wiki mbili. Tunafundishwa kwamba ulikuwa mgomo wa bandari, na ni kweli makuli ndio walioanza, lakini watumishi wa hoteli na wapishi wa majumbani walitoka pia. Walikutana Majengo, kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa mbali kule Kabarnet. Malalamiko yalikuwa mshahara, nyumba na bei ya vitu, chakula kikiwemo. Ukiniuliza mimi, hiyo ni sehemu ya historia ya mikahawa ya Mombasa. Kwa siku chache wale waliokuwa wakipika na kuhudumu walikataa, na mji ukajua unalishwa na nani.

Mama karanga

Sasa tufike kwenye karai.

Kama wewe ni mtu wa Pwani unamjua mama karanga. Kama umekulia bara, usidhani anauza njugu. Ni mama anayenunua samaki wadogo pwani, anawakaanga na kuwauza mtaani. Karanga hapa inatokana na kukaanga. Jioni anatoa jiko lake la makaa, karai limejaa mafuta, samaki wameshalazwa kwenye thomu, ndimu, chumvi na pilipili. Unachagua kwa kidole. Unafungiwa gazetini, unawekewa kachumbari au kipande cha muhogo, unakula umeegemea ukuta. Hana menyu kwa sababu menyu iko mbele ya macho yako.

Kwa nini anakaanga wadogo? Hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Chombo kikirudi, samaki hawauzwi kiholela. Kuna mtu anaitwa tajiri. Mara nyingi yeye ndiye mwenye chombo, au nyavu, au ndiye aliyemkopesha mvuvi wakati wa kusi bahari ilipochafuka. Kwa hivyo samaki wazuri ni wa tajiri: nguru, kolekole, jodari, chewa, kamba, pweza mkubwa. Hao wanapimwa kwa kilo na kuelekea hotelini, sokoni, au kwenye makampuni yanayosafirisha nje. Kinachobaki, tafi wadogo, pono, changu wa saizi ya kiganja, ndicho anachokipata mama karanga. Hana chombo, hana friji, na siku samaki wakiwa haba yeye ndiye wa kwanza kukosa.

Na kwa mabaki hayo amelisha mji. Kuli aliyekula kwake leo na kesho akala kwake tena ndiye mteja wa kwanza wa hoteli ya samaki ya mtaani. Mwanafunzi wa madrasa mwenye shilingi chache. Mfagiaji wa manispaa. Mama aliyechoka ambaye leo hataki kuwasha jiko lake. Ukitafuta hoteli ya samaki ya kwanza ya Mswahili wa kawaida, ile ambayo mtu yeyote aliweza kuingia, haikuwa na mlango. Ilikuwa karai kwenye kona. Mji ambao ulisema chakula cha mwanamke ni cha ndani ya nyumba, mwanamke akatoka na jiko lake akaliweka njiani. Mimi naona hayo ni mapinduzi, ingawa hakuna sanamu yake popote.

Halafu watalii

Baada ya uhuru ndege za watalii zikaanza kumiminika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanja cha ndege cha Mombasa kikawa cha kimataifa. Mahoteli yakapanda Nyali, Bamburi, Diani. Kamba na kaa wakawa alama ya likizo. Ng'ambo ya Bandari ya Kale, upande wa Nyali, kuna mkahawa maarufu wa Tamarind ambapo mtu anakula samaki huku akiutazama Mji wa Kale kutoka mbali. Tamarind maana yake ukwaju, na neno lenyewe linatokana na Kiarabu, tende ya Kihindi. Ukwaju huo huo tunaochovya viazi karai hapa mtaani. Sisemi kwa ubaya. Naona tu kwamba ladha ile ile inaweza kukaa kwenye bakuli la plastiki na kwenye kitambaa cheupe, na watu wakadhani ni vitu viwili.

Fort Jesus ilipoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, Mji wa Kale nao ukazidi kuwa kitu cha kutembelewa. Leo una mikahawa ya samaki yenye baraza nzuri juu ya maji, na mingine ni ya vijana wa hapa hapa, na nawapongeza. Ajira ni ajira. Familia zetu sasa zinatoka Jumapili, kina mama wamekaa mezani wanahudumiwa badala ya kuhudumu, na hilo peke yake linanifurahisha kuliko chakula.

Kuna kitu kimoja kinanikera lakini. Juzi niliingia mkahawa mmoja, jina nalihifadhi, nikaona kwenye menyu kumeandikwa samaki mzima wa nazi. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akihudumu, ni samaki gani? Akanijibu, "Ni samaki tu, bro." Kijana wa pwani, anatazama bahari, ananiambia samaki tu. Na sikumlaumu yeye. Hakuna aliyemwambia.

Nyanyangu alikuwa anasema changu kama anavyotaja jirani. Alijua tafi ni wa kukaanga, nguru ni wa mchuzi, papa mkavu ni wa siku ya shida, na taa ana wapishi wake. Alijua pweza hupatikana bamvua, maji yakijaa na kutoka sana, miamba ikawa wazi watu wakatembea na vijiti vyao. Alijua kusi ikikaza, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba na bei itapanda, hakuna haja ya kugombana na muuzaji. Kaskazi ikirudi, wavuvi wa Pemba wanakuja na vyombo vyao, na jodari anashuka bei. Hakusoma chuo cha uvuvi. Alikuwa mlaji anayejua anachokula.

Jina la samaki likipotea, hayo yote yanapotea nalo. Na pengo linazibwa. Unaweza kuuziwa samaki wa barafu aliyeshuka Kilindini kwa kontena, umekaa mita mia kutoka soko la samaki, na usijue. Unaweza kudai kamba mwaka mzima, mvuvi alazimike kuwatafuta mwaka mzima, hata wakati wanapostahili kuachwa wazae. Bahari yetu imeshaumia: joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na tafi na pono wa mama karanga wanaishi kwenye hayo matumbawe. Akikosa yeye, jua mwamba una tatizo. Kwenye mkahawa mkubwa hutajua mpaka miaka kumi baadaye, kwa sababu wao watanunua kwingine.

Ninachotaka

Sitaki mtu aache kwenda mkahawani. Nataka tukikaa tuulize: huyu ni samaki gani, ametoka wapi, na huu ni msimu wake? Mhudumu akikosa jibu mara ya kwanza, mara ya tano meneja ataenda kulitafuta. Wenye mikahawa ya Mji wa Kale, andikeni changu, andikeni tafi, andikeni kolekole kwenye menyu. Mtalii atauliza, na hiyo ndiyo hadithi aliyoifuata. Kwetu sisi itakuwa somo la bure.

Na ukitoka hapo ukampita mama karanga kwenye kona, nunua kwake bila kupunguziwa bei. Usimpige picha bila kumwomba. Msalimie kwanza, "Shikamoo mama," halafu muulize leo kapata nini. Atakutajia kila samaki aliye kwenye lile karai kwa jina lake.